Oili ya injini kwa trekta la zamani: kuchagua, kununua na kubadilisha

Kila msimu wa kulima unapokaribia, iwe Karatu, Monduli, Usa River au tambarare za chini ya Moshi, swali ni lile lile: "Massey yangu ya zamani niitilie oili gani?" Na jibu linalosikika zaidi kwenye maduka ya spea ni "weka nzito, injini imeshachoka." Jibu hilo limeua injini nyingi zilizokuwa na miaka kadhaa ya kazi mbele yake. Mwongozo huu ni kwa mwenye trekta la miaka ya 1960 hadi 1990, na pia kwa mwenye pawatila (trekta dogo la kuongozwa kwa mikono) la mpunga, injini ya mashine ya kusaga au pampu ya kumwagilia.

Kama una haraka, chukua hili kwanza. Kwa sehemu kubwa ya matrekta ya zamani ya dizeli huku kwetu, oili inayofaa ni ya madini ya kawaida, SAE 15W-40, yenye herufi CH-4 au CI-4 kwenye kopo. CF-4 ndiyo ya chini kabisa ya kukubali. Huhitaji ya bei kubwa kuliko hiyo. Baada ya hapo kazi inabaki kwenye mambo matatu: kopo liwe la kweli, filta ikae sawasawa, na oili imwagwe kwa wakati wake.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Oili ya kutosha, na lita moja ya akiba. Injini ya Perkins ya silinda tatu, ile ya matrekta ya Massey Ferguson 135 na 240, huchukua kama lita 6.5 hadi 7 pamoja na filta. Za silinda nne, kama 165, 265 na 290, huchukua kati ya lita 7 na 9 kutegemea sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ndiyo itakayotoa neno la mwisho.
- Filta mpya pamoja na mpira wake. Ukiuziwa filta bila mpira, rudisha.
- Wosha mpya ya shaba ya nati ya sampu.
- Ringi spana inayoikaa nati barabara. Spana ya kurekebisha itakula kona za nati.
- Beseni pana la kukingia, lita 10 au zaidi, na dumu lenye mfuniko la kuhifadhia oili chafu.
- Faneli safi, matambara yasiyotoa nyuzi, brashi, na dizeli kidogo ya kuoshea bakuli la filta.
- Msumari mwembamba au pini ya nguo. Kazi yake utaiona mbele.
- Karatasi nyeupe na kalamu.

Kusoma kopo

Kwenye kopo kuna mambo mawili tu ya maana kwako. La kwanza ni herufi za API, yaani daraja la oili. Zinazoanza na C ni za dizeli, zinazoanza na S ni za petroli. Kopo likiandikwa "CI-4/SL" linafaa pande zote mbili. Kopo lenye SN au SP peke yake liache kwa wenye magari madogo ya petroli.

La pili ni namba za SAE, yaani uzito. Katika 15W-40, namba yenye W inaonyesha oili inavyotembea injini ikiwa ya baridi, na 40 ni uzito wake injini ikishachemka. Kwa hiyo 15W-40 na SAE 40 tupu zina uzito ule ule mchana kwenye plau. Tofauti yao iko asubuhi: 15W-40 hufika juu kwenye vali mapema zaidi.

Maneno makubwa ya "super", "turbo" na "power" yaliyochapwa mbele ya kopo hayapimwi na mtu. Geuza kopo, soma nyuma.

Hatua za kufuata

1. Ijue injini iliyomo, si jina lililo kwenye boneti.

Matrekta ya zamani yamebadilishwa injini mara nyingi. Unaweza kukuta boneti ya 135 na chini yake injini iliyotoka kwenye mashine nyingine kabisa. Futa ubavu wa bloku kwa brashi na dizeli, soma namba iliyogongwa, iandike. Hesabu silinda. Angalia kama kuna turbo. Angalia pia pampu ya dizeli: kwenye Perkins nyingi utakuta CAV ya duara, ambayo inalainishwa na dizeli yenyewe. Baadhi ya Ford za zamani zina pampu ya mstari, na hiyo ina oili yake ndogo peke yake yenye sehemu ya kupimia. Watu huisahau hadi pampu inakwama, na kuitengeneza ni ghali kuliko oili ya miaka mingi.

2. Chagua daraja.

Kitabu cha trekta la miaka ya 1960 au 1970 kinaweza kukuambia CC au CD. Usihangaike kuyatafuta madaraja hayo. CH-4 na CI-4 zinachukua nafasi yake bila shida, tena zinabeba masizi na kupambana na asidi vizuri zaidi. Hilo lina maana kubwa kwako ukinunua dizeli ya madumu barabarani. Dizeli yenye salfa nyingi hutengeneza asidi ndani ya injini, na iliyochanganywa na mafuta ya taa hupita kwenye ringi za pistoni na kuifanya oili iwe maji maji. CI-4 ina akiba nzuri ya kuvumilia hayo kwa muda. Haivumilii milele.

CJ-4 na CK-4 zilitengenezwa kwa injini mpya zenye vichujio vya moshi kwenye ekzosi. Hazitaiua Massey yako, lakini unalipia kitu ambacho trekta lako halina. FA-4 ni nyepesi sana. Usiitie kabisa.

Wapo wanaouliza kama injini hizi za zamani zinahitaji dawa ya zinki ya kuongezea. Kwa dizeli, hapana. CH-4 na CI-4 tayari zina zinki ya kutosha kwa tapeti zake. Hela ya kichupa kile nunulia filta.

3. Chagua uzito kwa hali ya hewa na hali ya injini.

Moshi chini, kuelekea Kahe na Arusha Chini, Februari joto hupita nyuzi 30 na injini inavuta plau mchana kutwa. Arusha mjini, Monduli na Karatu, Julai asubuhi unavaa koti. Siha na West Kilimanjaro juu kule ndiko kwenye baridi zaidi. 15W-40 inakaa sawa sehemu zote hizi, ndiyo maana tunaanza nayo.

SAE 40 tupu inafaa kwa trekta la tambarare ambalo haliwashwi alfajiri ya baridi. SAE 30 iache kwa injini ya Lister na ndugu zake, na kwa injini ndogo za petroli.

20W-50 ina mahali pake: injini iliyochoka kweli, geji ya oili inashuka ikichemka, na umeshahakikisha kwamba geji haidanganyi na oili haijachanganyika na dizeli. Hapo inaweza kukusaidia kumaliza msimu. Lakini kuipa injini ambayo bado ni nzima 20W-50 "ili idumu" ni kosa. Asubuhi ya baridi oili nzito huchelewa kufika kwenye shafti ya roka na beringi za juu, na sekunde hizo chache za chuma kusugua chuma ndizo zinazokula injini.

Makosa mawili mazito hapa. La kwanza ni kutia oili ya gia namba 90 kwenye injini kwa kudhani 90 ni "nzito mara mbili ya 40". Sivyo. Namba za gia zina kipimo chake: gia 90 haiko mbali na injini 40 au 50 kwa uzito, lakini dawa zilizomo ni za meno ya gia. Haisafishi masizi, haizuii asidi, na inaweza kula bushi za shaba nyekundu. La pili ni kutia oili ya haidroliki namba 68 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo stoo. Hiyo ni nyepesi mno kwa beringi za krenki, shafti kuu ya injini.

Na kinyume chake ni hivyo hivyo: oili ya injini iliyotumika isiende kwenye haidroliki. Kwenye Massey nyingi gia, difu na haidroliki vinatumia oili moja, na uchafu wa injini utaenda moja kwa moja kwenye pampu ya kunyanyulia plau.

4. Nunua kwa macho mawili.

Oili feki ipo, na iliyo mbaya kuliko feki ni oili chafu iliyochujwa, ikarudishwa rangi na kutiwa kwenye kopo la jina kubwa. Usinunue oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lililo wazi, hata kama muuzaji ni jirani. Angalia mfuniko: ile pete ya chini iwe haijakatika, na karatasi ya ndani iwe imeshika mdomo pande zote. Namba ya toleo iliyochapwa kwenye chupa isomeke bila kufutika kwa kidole. Tafuta alama ya TBS. Kopo lenye mikwaruzo mingi lakini lebo mpya kabisa, liache.

Ndoo ya lita 20 iliyofungwa hutosha kubadilisha Perkins ya silinda tatu karibu mara tatu, na kwa lita ni nafuu kuliko magaloni. Ihifadhi ndani, mfuniko umekazwa. Ndoo iliyoachwa nje wakati wa masika huvuta maji kupitia mfuniko hata kama inaonekana imefunga. Dai risiti yenye jina la oili. Ukifika nyumbani toboa ndoo, mimina kidogo kwenye glasi safi, iache usiku kucha. Asubuhi ikiwa kuna tabaka chini au ukungu wa maji, rudisha ikiwa na risiti yake.

5. Chemsha injini, kisha simamisha pahala tambarare.

Iwashe, iache dakika 10 hadi 15, au ibadilishe mara tu trekta linapotoka shambani. Oili ya moto hutoka na uchafu wake. Oili ya baridi hutoka peke yake na kuacha tope chini. Vuta breki ya mkono, shusha plau hadi chini, weka jiwe nyuma ya tairi. Zima.

6. Mwaga, na uitazame inavyotoka.

Futa kwanza eneo la nati ya sampu kwa tambara, ili vumbi la Kisongo lisiingie pale nati inapotoka. Legeza kwa spana, malizia kwa vidole huku ukiisukuma ndani, kisha iondoe kwa haraka upande. Oili itakuwa ya kuunguza, jikinge mkono.

Sasa usiondoke. Sekunde za kwanza ndizo zinazoongea. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yamo yatatoka ya kwanza, kama uzi mweupe au matone yanayong'aa. Chukua kidogo katikati ya vidole viwili: inatakiwa iwe laini na ya kuteleza. Ikiwa nyepesi kama dizeli na inanuka dizeli, simama hapo hapo, nenda kwenye sehemu ya matatizo hapo chini. Kisha ifute nati yenyewe na uangalie kilichobaki kwenye tambara. Unga mweusi laini ni kawaida. Vipande vinavyomeremeta vya rangi ya shaba au fedha, unavyoweza kuvihisi kwa ukucha, ni beringi zinazoondoka. Fundi aangalie kabla trekta halijaenda shamba.

Acha itiririke dakika 20. Kumwaga kwa dakika tano huacha tope ndani.

7. Badilisha filta, na hapa tumia ile pini.

Kwenye Massey nyingi za zamani filta si ile ya kufungua kama chupa. Ni bakuli la chuma linaloshikwa na boliti moja katikati, na ndani yake kuna filta ya karatasi. Kati ya bakuli na kichwa chake kuna mpira uliozama kwenye mfereji mwembamba. Mpira ule wa zamani hukauka na kugandamana juu kwenye kichwa. Ukiangalia haraka utadhani ni chuma. Fundi mwenye haraka huweka mpira mpya juu ya wa zamani, injini inawashwa, na presha inausukuma mpira nje. Oili yote inaweza kuisha sampuni ndani ya dakika chache, na dereva akiwa katikati ya shamba hataona mpaka injini inoki.

Ingiza pini kwenye mfereji, zunguka nayo, vuta mpira wa zamani utoke wote. Pitisha kidole kuzunguka uhakikishe unagusa chuma tupu. Osha bakuli kwa dizeli, likauke kabisa. Angalia ile springi ndogo na sahani yake chini ya filta zirudi mahali pake, maana zikikosekana oili itapita pembeni bila kuchujwa. Paka mpira mpya oili, uketishe, funga bakuli likiwa sawa, kaza boliti kwa kiasi. Kama filta yako ni ya kufungua kama chupa, ipake oili kwenye mpira, ifunge kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usitumie spana kufungia.

8. Rudisha nati na wosha mpya, kisha mimina.

Kaza kwa spana na nguvu ya mkono mmoja. Usiunganishe bomba kwenye spana. Nyuzi za sampu zikienda utalia. Mimina kwanza pungufu kwa lita moja ya kile unachotegemea, subiri dakika 10, pima. Ongeza kidogo kidogo hadi alama ya juu. Usiipite. Oili iliyozidi hupigwa na krenki hadi inatoa povu, na povu halilainishi. Pia husukumwa nje kupitia sili ya nyuma hadi kwenye klachi.

9. Jaza presha kabla ya kuwasha.

Vuta stopa ya dizeli, piga stata kwa sekunde 10, pumzisha, rudia hadi geji itikisike. Rudisha stopa, washa bila kukanyaga mafuta. Presha isipopanda ndani ya sekunde 15, zima. Ikipanda, iache iende polepole dakika tatu, huku umechuchumaa unaangalia bakuli la filta na nati. Perkins hizi zikiwa za moto na kwenye mwendo wa kazi zinatakiwa zisome kati ya 30 na 60 kwenye geji ya psi. Zima, subiri dakika 10, pima tena. Filta imenywa sehemu yake, kwa hiyo utaongeza kidogo.

10. Safisha filta ya hewa ya oili siku hiyo hiyo.

Kama trekta lako lina bakuli la oili chini ya filta ya hewa, hilo ndilo linalouweka uhai wa injini mikononi mwako wakati wa kiangazi. Kati ya Januari na Machi, kabla ya mvua za masika, udongo wa Monduli na Makuyuni ni unga. Lifungue bakuli kila siku ya kazi. Tope likifika kama sentimita moja chini, mwaga, osha kwa dizeli, kausha, tia oili mpya ya injini hadi kwenye alama iliyogongwa ubavuni. Si zaidi ya alama. Hakuna oili ya injini, hata ya bei ya namna gani, itakayookoa silinda zinazovuta vumbi.

11. Andika, na uhesabu kwa mapipa kama mita ya saa imekufa.

Vitabu vingi vya matrekta haya vinasema badilisha kila saa 200 hadi 250. Kwa vumbi letu na dizeli yetu, saa 150 ni busara, na 100 kama unalimia watu mfululizo msimu wa kiangazi. Mita nyingi za saa hazifanyi kazi. Tumia dizeli: trekta la silinda tatu linalolima huchoma takriban lita 5 hadi 7 kwa saa. Kwa hiyo pipa la lita 200 ni kama saa 30 hadi 40 za kazi, na mapipa manne hadi matano ndiyo wakati wako wa kubadilisha. Chora mstari ukutani mwa stoo kila pipa linapoisha. Trekta lililosimama muda mrefu libadilishwe oili mara moja kwa mwaka hata kama halikufika saa hizo, kwa sababu asidi na unyevu havipumziki.

Ukihamia oili bora kutoka kwenye oili usiyoijua

Trekta ulilonunua mnadani au kwa mtu, hujui lilikuwa linatiwa nini. Kishawishi ni kuisafisha injini kwa kumimina dizeli au mafuta ya taa, kuiwasha kidogo, kisha kumwaga. Usifanye hivyo. Dizeli iliyobaki kwenye njia za oili huifanya oili mpya kuwa nyepesi, na tope lililobanduka kwa mkupuo huziba wavu wa pampu ya oili. Tia CH-4 au CI-4, fanya kazi saa 25 tu, mwaga pamoja na filta. Tia tena, fanya saa 75, mwaga. Baada ya hapo ingia kwenye ratiba ya kawaida. Ni gharama ya oili mara mbili, na kila mara tope litatoka kwa utaratibu likiwa limebebwa na oili.

Lister na injini ndogo

Injini za Lister za mwendo wa polepole na zile za mfano wake kutoka India, zinazosaga unga vijijini, nyingi hazina filta ya oili. Oili hurushwa na kijiko kilicho chini ya koni rodi, na uchafu hutulia chini ya sampu. Oili ya kisasa hubeba uchafu badala ya kuuacha utulie, kwa hiyo ukiitumia kwenye injini hizi ni lazima kwanza ufungue mlango wa pembeni, ukombe tope lote kwa tambara, na kisha uimwage kila saa 100. SAE 30 au 15W-40 zote zitafanya kazi kwa masharti hayo.

Pawatila za mpunga huko Mabogini, Chekereni na Mto wa Mbu hutumia 15W-40 kwa dizeli za silinda moja. Mpya au iliyotoka ovaholi, mwaga saa 50 za kwanza, kisha kila saa 100. Ikizama kwenye tope hadi juu ya sampu, pima oili jioni hiyo hiyo.

Pampu za petroli za nguvu ya farasi 5.5, kama zenye injini ya Honda GX160, huchukua lita 0.6 tu. 10W-30 au SAE 30, mara ya kwanza saa 20, kisha kila saa 100. Ukipima, chomeka dipstiki bila kuizungusha kwenye nyuzi. Ukiizungusha itakuonyesha zaidi ya ilivyo. Nyingi huuawa kwa kukosa vijiko vichache vya oili.

Mambo yakienda vibaya

Oili imekuwa nyeusi siku ya pili. Kwa dizeli ni kawaida. Oili inafanya kazi ya kuosha. Kama una wasiwasi, dondosha tone moja la oili ya moto kwenye karatasi nyeupe, iache saa moja. Tone likisambaa taratibu, katikati kijivu na pembeni kahawia, bado lina nguvu. Likibaki doa jeusi tii lenye ukingo mkali, na pembeni pete ya mafuta matupu, oili imeshindwa kubeba masizi. Mwaga.

Kiwango kinapanda badala ya kushuka. Usiendelee kulima. Nusa dipstiki. Ikinuka dizeli, mtuhumiwa wa kwanza ni ngozi ya pampu ndogo ya kuvutia dizeli iliyopasuka, wa pili ni sili ya shafti ya pampu kubwa, wa tatu ni nozeli inayovuja. Tengeneza kwanza, ndipo ubadilishe oili na filta. Kubadilisha oili bila kutengeneza ni kuitupa.

Oili imekuwa kama maziwa ya chai. Ni maji. Thibitisha kwa kudondosha tone kwenye chuma kilichopashwa moto: likichachatika, maji yamo. Angalia gasketi ya hedi, hedi lenyewe, na kiwango cha radieta. Ukungu mwepesi chini ya kifuniko cha kutilia oili peke yake, msimu wa baridi, kwa trekta linalowashwa dakika chache, si hedi. Lifanyishe kazi lichemke.

Presha inashuka injini ikichemka. Fuata mpangilio huu, wa bei nafuu kwanza: kiwango, harufu ya dizeli, geji nyingine ya kulinganisha, filta iliyoziba, springi ya vali ya presha, wavu wa pampu. Beringi ni za mwisho. Mafundi wengi huanza na beringi.

Moshi wa bluu. Ukitoka asubuhi tu na kuisha, ni gaidi za vali, yaani mirija ambamo vali hupanda na kushuka. Ukitoka ikivuta mzigo, ni ringi na silinda. Kabla ya kukubali yote mawili, hakikisha bakuli la filta ya hewa halijazidishwa oili. Injini ya silinda tatu inayokula nusu lita kwa siku ya kazi inaweza kumaliza msimu. Ikifika lita moja, tenga hela ya ovaholi.

Inavuja nyuma, klachi inateleza. Kabla ya kukata trekta katikati, yaani kutenganisha injini na gia, ili kubadili sili, kagua bomba la kupumulia la injini. Likizibwa na tope au kiota cha nyigu, presha ya ndani hutafuta njia kwenye sili. Lizibue, rekebisha kiwango, fanya kazi siku mbili, ndipo uamue.

Oili chafu iingie kwenye dumu lenye mfuniko. Isimwagwe kwenye mfereji, kwa sababu maji hayo yanafika kwenye migomba na kwenye ndoo ya jirani wa chini. Isipakwe ng'ombe mwenye kidonda au kupe. Ina vyuma na masizi vinavyodhuru ngozi, yako pia, kwa hiyo nawa kwa sabuni.

Injini inapandisha mwendo yenyewe na stopa haiizimi. Inachoma oili yake, mara nyingi kwa sababu bakuli la hewa limejazwa kupita kiasi au sampu imezidi. Unazo sekunde chache. Waondoe watu mbele na pembeni. Kama trekta liko kwenye gia na klachi imeachiwa, usikanyage klachi, maana mzigo unasaidia kuishikilia. Mwenzako azibe mdomo wa kuvutia hewa kwa ubao bapa au gunia lililoloweshwa na kukunjwa mara kadhaa, kamwe asitumie kiganja. Ikizima usiiwashe tena. Toa bakuli la hewa, kausha bomba lote hadi kwenye manifoldi, pima sampu, na zungusha krenki kwa mkono kuona kama kuna oili iliyokaa juu ya pistoni.